Echoes ya Pink Floyd: CD mbili, ngoma 26, na rafiki mmoja anayerudi rudi

Mambo vipi wadau, karibuni sana. Leo nina kitu mkononi ambacho nimekuwa nakiahirisha kwa muda mrefu, kwa sababu nilitaka nikisikilize vizuri kwanza, tena sio mara moja, nikisikilize kama mwezi mzima hivi, asubuhi kwenye daladala na iyafoni masikioni, usiku nyumbani taa zimezimwa, ndio nije nikae hapa mbele yenu niongee. Ni hii hapa, ngoja niisogeze kwenye kamera. Mnaiona? Echoes, The Best of Pink Floyd. CD mbili, ngoma 26, imetoka Novemba 2001. Kava nimelipata limepasuka hapa pembeni kwa sababu nimenunua mtumba, lakini CD zenyewe safi kabisa.

Angalieni jalada kwanza. Dirisha, ndani yake dirisha lingine, na lingine tena, na kila ukisogea ndani unakutana na vitu vilivyotoka kwenye nyimbo na majalada yao ya zamani. Aliyelitengeneza ni Storm Thorgerson, huyu ndio alikuwa mtu wao wa majalada tangu mwaka 1968. Nimelitaja jalada mapema kwa sababu lenyewe linakuambia albamu imepangwaje, hakuna mwanzo wala mwisho ulionyooka, unafungua mlango unajikuta umetokea chumba cha miaka ya nyuma.

Kwa ambao ndio kwanza wanalisikia hili jina. Pink Floyd ni bendi ya Uingereza, walianzia London katikati ya miaka ya 60, Roger Waters kwenye besi, Nick Mason kwenye dramu, Richard Wright kwenye kinanda, hawa watatu walikuwa wanafunzi wa usanifu majengo, halafu kijana mmoja wa sanaa kutoka Cambridge anaitwa Syd Barrett, ndiye muimbaji, ndiye mpiga gitaa, ndiye mtunzi. Jina la bendi Syd ndiye aliyelitoa, aliunganisha majina ya wazee wawili weusi wa Marekani waliokuwa wanapiga bluzi, Pink Anderson na Floyd Council. Roki ya saikedeliki ndio hiyo waliyokuwa wanaipiga kwenye klabu ya UFO pale London kuanzia mwisho wa 1966, gitaa linapitishwa kwenye mashine ya mwangwi mpaka huelewi sauti imetoka wapi, mataa ya rangi yanamwagwa juu ya wapigaji na ukutani, wimbo unaanza vizuri una mistari na kiitikio halafu katikati unaacha njia, unazurura huko dakika kumi, kisha unarudi nyumbani.

Sasa nisikilizeni hapa maana hapa ndipo uchambuzi wangu ulipo. Albamu nyingi za mkusanyiko zinatengenezwa kwa haraka, kampuni inachukua vibao vilivyouza, inavipanga kwa mwaka, inaweka picha ya bendi mbele, inaingiza sokoni kabla ya Krismasi. Hii haikupangwa kwa mwaka. Ngoma ya 1967 inafuatiwa na ya 1979, ya 1994 imekaa kabla ya ile ya 1973. Na hazikatiki! Injinia wao wa sauti James Guthrie amezishikanisha zote, mwisho wa hii umelala juu ya mwanzo wa ile, kama DJ mzuri anavyounganisha ngoma mbili bila watu kuacha kucheza. Kwa hiyo wadau naomba mno, usiweke shafo, ile ya kuzichanganya ngoma ovyo. Ukiweka shafo kwenye hii albamu umeivunja, umebaki na ngoma tu ambazo ungezipata popote.

Na kumbukeni hali ilivyokuwa wakati wanaipanga. Waters alishaondoka kwenye bendi tangu 1985, wakafikishana kwenye mambo ya wanasheria kuhusu jina, yani ni watu waliokuwa hawaelewani kabisa. Lakini orodha ya hii albamu walibidi wakubaliane wote wanne, Waters, David Gilmour (mpiga gitaa aliyeingia baadaye), Mason na Wright, Guthrie akiwa katikati. Mimi nikiisikiliza naona kabisa hayo mapatano, kuna ngoma naona imeingia kwa sababu fulani lazima apate fungu lake. Lakini kuna jambo moja hapa ndani naona wote wanne walikuwa na moyo mmoja, nalo ni Syd.

Syd hakukaa sana. Albamu ya kwanza, The Piper at the Gates of Dawn, ilitoka Agosti 1967, karibu yote kaitunga yeye. Kufika mwisho wa mwaka huo huo akili yake ilishaanza kumtoka, dawa za kulevya za LSD zikiwemo kwenye hiyo hadithi, jukwaani anasimama na gitaa hapigi. Wakamchukua Gilmour, rafiki yao wa Cambridge, aje asaidie gitaa. Halafu siku moja Januari 1968 wapo kwenye gari wanaenda kupiga shoo Southampton, mmoja akauliza tumpitie Syd, wakaona basi, wasimpitie. Ikaisha hivyo. Hakuna kikao, hakuna barua. Mtu aliyeianzisha bendi, wamempita tu kwake wakaendelea na safari.

Mimi hiyo stori kila nikiikumbuka naumia, kwa sababu hawakuwa watu wabaya, walikuwa vijana wa miaka 20 na kitu hawajui wamfanyie nini mwenzao anayeumwa. Na ukiwasikiliza miaka yote iliyofuata unagundua hawakuwahi kuimaliza.

Haya sasa echoes maana yake si mwangwi? Sauti uliyoitoa, imegonga mahali, inakurudia. Tazama walivyompanga Syd. Ngoma zake kwenye hii albamu ni tano kati ya 26, Astronomy Domine, See Emily Play, Arnold Layne, Jugband Blues na Bike. Zote fupi, ukizijumlisha hazizidi sana dakika 16. Lakini albamu inafunguliwa na yeye na inafungwa na yeye. Astronomy Domine ndiyo ya kwanza kabisa, ile sauti ya mtu anasoma majina ya nyota kwenye kipaza sauti cha mkononi, ni meneja wao Peter Jenner yule, halafu gitaa la Syd linaingia, zito, linashuka ngazi. Ndio mlango wa kuingilia huo. Na kutokea unatoka na Bike. Masaa mawili na nusu ya muziki, miaka 27 kutoka ngoma ya zamani kabisa mpaka ya karibuni, na mwenye funguo za milango yote miwili ni kijana aliyeachwa nyumbani Januari 1968.

CD ya pili ndio wamefanya kitu ambacho mimi sijawahi kukiona kwenye albamu nyingine yoyote ya mkusanyiko. Inaanza na Shine On You Crazy Diamond, na wimbo huu wamemtungia Syd. Walikuwa studio za Abbey Road Juni 1975 wanaushughulikia wimbo huo huo, akaingia jamaa mnene, kanyoa kichwa na nyusi zote, kimya, hakuna aliyemjua. Ilichukua muda wakagundua ni Syd mwenyewe. Wengine walilia. Sasa tembea na CD mpaka namba 9, unakuta Arnold Layne, single yao ya kwanza kabisa, Machi 1967, Syd ana sauti ya kijana mchangamfu anahadithia mambo ya mtaani. Namba 10, Wish You Were Here, wenzake wanaimba kwamba tungependa ungekuwepo hapa. Namba 11, Jugband Blues, Syd huyo, wimbo wake wa mwisho kwenye albamu yoyote ya bendi, anawashukuru kwa kumfikiria na wakati huo huo anaonesha wazi kwamba ameshajua hayupo tena. Wameweka tarumbeta za bendi ya Salvation Army zinapiga kila mtu na lake, zinazimika ghafla, anabaki yeye na gitaa peke yake.

Kwenye albamu za asili hizo ngoma mbili zimeachana miaka saba, moja 1975 nyingine 1968. Hapa zimekaa bega kwa bega. Wenzake wanaita, yeye anajibu, na jibu lilirekodiwa kabla ya swali. Mara ya kwanza nilivyosikia hiyo sehemu nilisimamisha, nikairudisha nyuma, nikaisikiliza tena. Kama kuna sababu moja ya kuwa na hii albamu hata kama albamu zao zote unazo, ndio hiyo.

Haya tuje na malalamiko maana ninayo, na nitayasema yote.

Wimbo wenyewe ulioipa albamu jina, Echoes, umekatwa. Wa asili uko kwenye Meddle ya 1971, dakika 23 na nusu, umejaza upande mzima wa sahani. Hapa umeletwa wa dakika 16 na nusu. Dakika saba zimeenda! Unaanza na ile noti moja ya kinanda, ting, kama tone la maji linadondoka ndani ya pango, ni Wright kakipitisha kinanda kwenye spika ya Leslie, ile ambayo ndani ina kitu kinachozunguka. Ting. Kimya. Ting. Halafu taratibu vyombo vinakusanyika. Wimbo wa namna hii nguvu yake iko kwenye kusubiri, unakaa humo ndani mpaka unasahau kama kuna wimbo, zile sauti za katikati kama viumbe vya baharini vinalia gizani, ni Gilmour kaunganisha kinyume waya za pedali yake ya wah, ile ya kukanyaga kwa mguu kubadilisha sauti ya gitaa, halafu ndio mwanga unarudi. Ukipunguza kusubiri umepunguza na furaha ya kufika. Na sisi watu wa huku wimbo mrefu hautusumbui, nani aliyekulia kwenye taarabu akaogopa dakika 20? Ningekuwa mimi ningetoa ngoma nyingine mbili ili huu uje mzima.

Shine On nao umepitiwa na mkasi, zile sehemu mbili za asili jumla zinakaribia dakika 26, hapa ni 17 na nusu. Huo nimeukubali zaidi, kwa sababu kwenye albamu yake umegawanywa mwanzo na mwisho, hapa umeunganishwa ukawa wimbo mmoja unaotiririka, na viungo vyake sivisikii. Marooned imebaki dakika mbili tu kutoka tano na nusu, na hiyo ndio ngoma iliyowapa Grammy. Hapa wameifanya kama daraja la kuvukia kwenda The Great Gig in the Sky, na kwa kazi hiyo ya daraja inafaa, siwezi kusema uongo.

Na ziko albamu nne ambazo hawajachukua hata wimbo mmoja, More, Ummagumma, Atom Heart Mother na Obscured by Clouds. Yani kuanzia 1969 mpaka 1972, ukiitoa Meddle, ni kama hawakuwepo duniani. Hata albamu ya Animals imetoa wimbo mmoja tu, Sheep. Na kwenye hiyo Meddle wameiacha Fearless, ngoma ya gitaa la taratibu ambayo ndani yake wameweka mashabiki wa Liverpool wanaimba uwanjani, wale wa Kop. Nyie mashabiki wa Liverpool mlioko hapa, na najua mpo wengi, nendeni mkaitafute leo leo, mkishaisikia mtajua kwa nini nalalamika.

Zile kubwa kubwa zipo, msiwe na wasiwasi. The Dark Side of the Moon imetoa nne. Money ipo, na kama hujawahi kuihesabu hebu tuihesabu pamoja, zile sauti za sarafu na mashine ya duka mwanzoni, gonga meza nami, moja mbili tatu nne tano sita saba, moja mbili tatu nne tano sita saba. Saba! Muziki mwingi tunaoucheza unahesabika nne, huu unakwenda kwa saba, ndio maana mguu unahisi kama kuna kigingi njiani. Saksofoni ya Dick Parry inapiga hapo hapo kwenye saba, halafu Gilmour akianza solo lake bendi nzima inahamia kwenye nne na unasikia kabisa gari limetoka kwenye matuta limeshika lami. Sikiliza hiyo sehemu kwa hedifoni nzuri tafadhali.

The Great Gig in the Sky ni ile ambayo dada anaimba bila neno hata moja, analia, ananong'ona, anapanda, anatulia. Anaitwa Clare Torry. Walimuita studio Januari 1973 akalipwa pauni 30, basi. Mwaka 2004 akaenda mahakamani kudai ni mtunzi mwenza, 2005 wakaelewana, na tangu hapo jina lake linaandikwa pamoja na la Wright. CD yangu hii ya 2001 imetangulia, kwenye utunzi ni Wright peke yake. Mkipata toleo la zamani kama langu mjue hilo jina lilipaswa kuwepo. Aliyeibeba ile ngoma ni yeye.

Another Brick in the Wall ile ya watoto wa shule ipo, na wameiunganisha na The Happiest Days of Our Lives mbele yake kama inavyotakiwa. Wale ni watoto kweli wa shule ya Islington Green pale London. Na sisi Waafrika tukumbuke kwamba mwaka 1980 serikali ya makaburu kule Afrika Kusini iliipiga marufuku, kwa sababu wanafunzi waliokuwa wanapinga elimu ya kibaguzi waliichukua wakawa wanaiimba kwenye migomo yao. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema hawa jamaa ni muziki wa kulala tu, mwambie hilo.

Kuna kitu kidogo ambacho wakusanyaji watakipenda, When the Tigers Broke Free, ngoma ya Waters kuhusu baba yake aliyeuawa vitani Anzio, Italia, Februari 1944, Roger akiwa kichanga cha miezi mitano. Ilitoka kama single 1982, ilikuwa kwenye filamu ya The Wall, lakini hakukuwa na albamu ya bendi iliyoibeba mpaka hii. Na kabla yake kidogo kuna The Fletcher Memorial Home, Fletcher ni jina la baba yake huyo huyo. Hizo mbili ni za Waters tu, bendi imekaa nyuma. Mimi hiyo ya Fletcher kama wimbo hainigusi sana, lakini ile ya Tigers, kwaya ya wanaume inavyoingia chini chini, eh.

Nimeulizwa na mdau mmoja, je nianze na hii au A Foot in the Door ya 2011? Ile ni CD moja, ngoma 16, na imekatwa katwa pia. Kama una safari fupi na unataka vibao tu, ile itakutosha. Lakini ile haina mpango huu ninaousema, ile ni orodha. Anza na hii. Tenga jioni moja kwa CD ya kwanza, jioni nyingine kwa ya pili, usizilazimishe siku moja. Na ukishamaliza, usiniambie unaijua Pink Floyd, nenda kachukue Meddle uusikie ule wimbo wa Echoes mzima, na albamu ya Wish You Were Here uone Shine On ulivyokaa kwao.

Siwezi kuwachezea hapa kwa sababu ya mambo ya haki miliki, video itashushwa, kwa hiyo nitawaelezea sehemu moja ya mwisho muisikilize wenyewe. CD ya pili, namba 12, High Hopes, ya mwaka 1994. Ndani yake kengele ya kanisa inalia tangu mwanzo, dong, dong, Gilmour anaimba habari za mji waliokulia, madaraja waliyoyachoma nyuma yao, sauti imeshakuwa ya mtu mzima. Solo linapanda, linashuka, vyombo vinaondoka kimoja kimoja, kengele inabaki inalia kwa mbali. Ukae hapo hapo usiguse kitu. Kengele ya kanisa inafifia, inafifia, halafu inalia kengele nyingine, ndogo, mara moja tu, kring, na hiyo ni kengele ya baiskeli. Ndio Bike ya Syd inaingia, ana miaka 21, anamwambia msichana kwamba ana baiskeli, akitaka aiendeshe.

Hiyo kengele ya baiskeli wameiongeza wakati wa kuunganisha, kwenye Piper haipo. Ukifika hapo njoo uniandikie chini kama uliisikia au ilikupita, mimi ilinipita mara tatu.